Sarafu Yenye Mdomo

Jumatatu, 2 Machi. Mawingu tu.

Muuguzi wa kliniki kaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja. Anasema mwanamke aliyefiwa na mume na halii, basi aandike. Nikamwambia shule niliiacha mapema, mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu. Akasema kuku naye hufika anakokwenda. Mwanangu kapimwa, kaongezeka uzito. Mimi sikupimwa.

Jumanne, 3 Machi. Mvua ya kwanza.

Imenyesha. Nimeanua nguo.

Jumatano, 4 Machi. Mvua asubuhi.

Muuguzi anasema niandike kama namweleza mtu asiyenijua. Haya.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na jiko. Tuko watatu wa kike: mimi, mwanangu, na mama wa marehemu mume wangu, ambaye namwita Mama. Mwanangu tunamwita Kijiko kwa sababu akikosa kijiko mkononi halali. Anatambaa, anasimama kwa kushika viti, na kila akiokotacho kinaishia mdomoni. Mama alikuwa fundi cherehani, sasa vidole vimekaza. Haongei sana. Tangu msiba tunaongea mambo ya chumvi na sabuni.

Mume wangu alikuwa fundi wa mabamba ya jua, yale ya juu ya mapaa. Kiangazi kilichopita aliteleza. Sina zaidi ya hapo. Watu wakinipa pole naitikia. Moyo wangu uko kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, ukiubana haukujibu.

Alhamisi, 5 Machi. Mvua.

Leo niandike kazi yangu. Nafanya kwenye duka la sarafu. Kijiko akikua hatajua sarafu ni kitu gani, na hata mimi sijawahi kununua chochote kwa sarafu. Nilipozaliwa pesa zilishakuwa namba tu. Sarafu zimebaki kwa wakusanyaji. Bosi wetu anasema zamani mkusanyaji alitazama sarafu kwa lenzi, akaipima, akaigonga mezani asikie mlio wake, yakaisha. Siku hizi kuna mashine zinazonakili sarafu yoyote, hadi mkwaruzo wa funguo, hadi weusi wa vidole vya watu waliokwisha kufa. Jicho halisaidii tena. Kwa hiyo wakusanyaji hawakusanyi chuma, wanakusanya maneno. Sarafu ambayo ina mtu hai wa kueleza ilikuwa ya nani na ilipita wapi tunaiita sarafu yenye mdomo. Isiyo na mtu tunaiita chuma, na haitazamwi mara mbili.

Mimi ni mnasaji. Namkalisha msimuliaji kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, nanasa sauti yake. Anasimulia mara tatu, siku tatu mbalimbali, na mashine inalinganisha. Zikilingana, sauti inafungwa pamoja na sarafu yake. Na ikishafungwa, habari hiyo haisemwi tena. Msimuliaji anaapa, na mimi niliyesikia naapa. Aliyenunua ndiye peke yake mwenye haki nayo. Ikisikika mtaani, sarafu inarudishwa na duka linaaibika. Wateja wanataka kitu ambacho hakipo kwingine.

Mikono imechoka kuandika.

Jumamosi, 7 Machi. Mvua na upepo.

Leo nimecheka, yaani mdomo ulicheka. Alikuja mzee wa sarafu kumaliza usimulizi wake wa tatu. Mara ya kwanza alisema sarafu alipewa na shangazi yake. Mara ya pili shangazi amekufa tangu zamani. Leo hajawahi kuwa na shangazi. Mashine ikawasha taa nyekundu. Mnasaji mwenzangu, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akamuuliza, "Babu, shangazi kaenda wapi?" Mzee akajibu, "Mjukuu wangu, mlikuwa mnanitazama kama mmechoka naye."

Bosi hakucheka. Yeye tunamwita Mzee Ukingo. Ukimpa sarafu hatazami sura yake, anaanza kupitisha kidole gumba ukingoni, pole pole, amefumba macho.

Jumanne, 10 Machi. Mvua kubwa.

Mama kaniambia tukiwa jikoni, mimi nakoroga uji wa Kijiko.

"Kesho nitakuja kazini kwenu."

"Kuna nini, Mama?"

"Nina sarafu."

Nikaendelea kukoroga uji hadi ukashika chini.

Najua ni sarafu gani, maana ni hiyo moja tu. Mume wangu aliimeza akiwa mtoto, ikatoka, wakaihifadhi. Hayo tu ndiyo nijuayo. Nilipomuuliza ilikuwaje, alikuwa anasema, "Muulize Mama, yeye ndiye mwenye hadithi, mimi nilikuwa mfuko tu." Nami Mama nilikuwa namwogopa. Nilijiambia nitamuuliza Kijiko akiwa mkubwa wa kusikiliza, tusikie pamoja.

Jumatano, 11 Machi. Mvua.

Mama kavaa vizuri, kaja. Mzee Ukingo kaipokea sarafu kwa mikono miwili, kafumba macho, kidole gumba kikazunguka.

"Hii imekwenda safari," akasema.

"Ilikwenda na ikarudi," Mama akamjibu.

Mzee Ukingo akamweleza kanuni. Mara tatu. Ikifungwa, basi. Hataisimulia kwa jirani, kwa ndugu, wala kwa mjukuu. Mama akasema, "Ndicho nilichokuja kutafuta." Mzee Ukingo akafumbua macho. Wauzaji wengi wanakuja kwa kunung'unika, wanaulizia bei. Mama hakuulizia.

Mzee Ukingo akasema Redio amnase, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani. Mama akakataa. "Mgeni sitamwambia. Akitaka anase huyu, asipotaka narudi zangu."

Wote wakanitazama. Nimefikiri haraka kuliko ninavyofikiri siku hizi. Akinasa mwingine, mimi sitaisikia milele. Nikinasa mimi, nitaisikia na kuapa kunyamaza. Kwa vyovyote Kijiko haipati. Nikasema nitanasa. Angalau mmoja wetu awe nayo.

Njiani tulitembea chini ya mwavuli mmoja. Bega langu la kushoto lililowa, lake la kulia likalowa. Hakuna aliyesogea.

Ijumaa, 13 Machi.

Mvua. Kijiko ana mafua.

Jumapili, 15 Machi. Mvua.

Nimekasirika, nadhani. Nimeosha vyombo vilivyo safi. Kijiko ana macho ya baba yake na paji la baba yake, na atakapouliza baba alikuwa mtu gani nitasema nini? Mtu wa mapaa. Bibi yake ameamua kumwuzia mgeni kile kidogo kinachochekesha. Mama ni mtu baridi. Nimeliandika, limebaki hapo.

Jumatano, 18 Machi. Mvua asubuhi, jua kidogo.

Usimulizi wa kwanza.

Nimefunga mlango wa chumba, nimemwekea Mama maji, nimewasha chombo. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, "Hii ni sarafu ya nani?" Akasema, "Ya mwanangu." Halafu akasimulia. Alisema kama mtu anayesoma bei za sokoni. Ilikuwa fupi. Nimeisikia yote sasa, ila siwezi kuiandika hapa. Kiapo cha mnasaji kinaanza kwenye usimulizi wa kwanza.

Nilitegemea ningelia. Nilitazama mshale wa sauti unavyopanda na kushuka. Nikazima chombo, nikasema, "Asante, Mama, tutaonana mara ya pili," kama ninavyomwambia mteja. Akasema, "Haya." Jioni tukala mkate.

Alhamisi, 19 Machi.

Hapana kitu.

Jumanne, 24 Machi. Mvua haikatiki.

Paa linavuja juu ya kitanda changu. Mume wangu angepanda. Nimesogeza kitanda.

Habari ya sarafu inanitembea kichwani. Inanijia nikimwogesha Kijiko, nikimfunga nepi hasa. Nafungua mdomo, nakumbuka, naufunga. Kijiko ananitazama mdomo, anafikiri tunacheza. Na yeye anaufungua na kuufunga.

Ijumaa, 27 Machi. Manyunyu.

Hakuna mteja kwa sababu ya matope. Redio kaanza.

"Bosi, siku moja mashine zitanakili na sauti. Sauti ya bibi yangu, kikohozi chake na vyote. Hapo mtakusanya nini?"

Mzee Ukingo akasema amelifikiria hilo sana. Yeye anaona wakusanyaji wa baadaye watataka mtu mwenyewe. Mtu atakwenda nyumbani kwa tajiri na sarafu yake, atakaa sebuleni, atasimulia uso kwa uso, kisha atarudi kwake.

"Kumbe watatukusanya sisi!" Redio akapiga makofi. "Mimi mniweke karibu na dirisha. Na mnifute vumbi."

"Wewe utarudishwa dukani siku hiyo hiyo," Mzee Ukingo akasema.

Mimi nikauliza, "Na wale ambao habari yao ilishafungwa?"

Mzee Ukingo akasema, "Hao watakuwa wamemaliza." Akarudi kwenye lenzi yake. Redio akanong'ona, "Shoga, wewe una jambo. Kimya kingi kina mshindo." Nikamwambia sina. Akasema, "Mshindo huo nasubiri, nikae mbali na madirisha."

Jumatano, 1 Aprili. Mvua.

Usimulizi wa pili. Neno kwa neno kama wa kwanza. Mashine imekubali, taa ya kijani. Sijawahi kuona mtu asiye na karatasi akarudia hivyo. Watu husahau, huongeza, hujipendelea. Mama hakuongeza hata "basi". Ila nimeona kitu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kiti, na vile vidole vilivyokaza vilikuwa vimenyooka kwa nguvu hadi vikawa vyeupe.

Umebaki mmoja.

Alhamisi, 2 Aprili.

Kijiko kasimama bila kushika. Akaanguka. Hakulia, katutazama kama sisi ndio tuliomwangusha. Mama alitaka kusema kitu, nikaona kinakuja hadi kwenye meno. Akakimeza.

Jumapili, 5 Aprili. Mvua mchana kutwa.

Leo paa limeanza kuvuja sehemu nne. Tulikuwa mimi na Mama tunahangaika na mabeseni, Kijiko katikati anapiga maji kwa kijiko. Tukakaa sakafuni kwa sababu hapakuwa na pakavu pengine. Mama akaanza tu, bila kunitazama.

"Siku ya mazishi wewe ulikuwa umelala chumbani."

Nikasema ndiyo. Walinilaza. Siikumbuki vizuri ile siku.

"Shemeji zangu walikaa hapa, na majirani. Mmoja akasema, jamani, tuchangamshe msiba, dada tusimulie ile ya sarafu. Mimi nikasimulia. Nilikuwa nimezoea. Miaka yote hiyo, harusi nasimulia, wageni wakija nasimulia. Mdomo ulienda wenyewe. Nikafika pale pa kuchekesha, wakacheka. Nyumba nzima ikacheka. Na yeye yuko pale kwenye sanduku, kifuniko hakijafungwa. Na mimi nikacheka."

Matone ya maji yakadondoka kwenye beseni, tin, tin.

"Kila anayeniona sasa anataka niisimulie. Anasema itanipunguzia. Nataka nipate mtu wa kunikataza. Kiapo kinikataze. Nikiulizwa niseme, samahani, imeuzwa."

Nilitaka kumshika mkono. Niliona mkono wangu ukienda, nikaupa kazi ya kumwaga beseni.

Niliandika kwamba yeye ni mtu baridi. Sijalifuta, ila sasa nasema nilikosea. Lakini hata sasa nikijua hivyo, bado nataka Kijiko awe nayo. Ndiyo shida. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya.

Jumatatu, 6 Aprili.

Mvua.

Jumanne, 7 Aprili.

Mvua. Godoro halikauki.

Jumamosi, 11 Aprili. Mvua.

Nimemuuliza Mzee Ukingo kama kuna njia ya mtoto kubakiziwa habari, yeye tu. Akasema, "Binti yangu, leo mtoto, kesho rafiki wa mtoto." Ana haki. Ningekuwa mteja ningetaka hivyo hivyo.

Jumatano, 15 Aprili. Mvua kubwa kuliko zote.

Usimulizi wa tatu. Nitaandika polepole.

Maji yalikuwa yanagonga bati la duka kiasi kwamba nilipima sauti mara mbili. Mama alikuwa na viatu vya plastiki, soksi zimelowa. Nikamuuliza, "Hii ni sarafu ya nani?" Akasema, "Ya mwanangu." Akaenda vizuri. Mwanzo ule ule, maneno yale yale. Mimi nilikuwa namsindikiza kichwani, neno baada ya neno, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi kituoni. Nikajiambia, limekwisha, linakwisha sasa hivi.

Alipofika mahali fulani, ambapo mara mbili alipapita kama mtu anayevuka barabara, akasimama. Akaongeza kitu. Kitu kidogo, kuhusu sura ya marehemu mume wake, yaani babamkwe wangu ambaye sikumkuta. Na akacheka. Si kicheko kirefu. Kilimtoka puani, kama chafya. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Akamalizia haraka. Mashine ikawasha nyekundu.

Mzee Ukingo akaingia. Hakukasirika. Akasema hutokea, na kuna kanuni yake: mnasaji anamkumbusha msimuliaji alivyosema mara ya kwanza, anarudia, basi. Akatuachia chumba, akafunga mlango. Ni kazi ya kawaida, nimeshawakumbusha wengi.

Mama akajifuta macho. "Haya. Pale nilisemaje mara ya kwanza?"

Nikazima chombo.

"Nakuuliza wewe. Pale nilipocheka, nilisemaje?"

"Nakumbuka, Mama. Lakini sitasema."

"Hutasema?"

"Hapana."

"Si ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo hii."

Akanitazama kama anatazama mshono uliokwenda upande. Sijawahi kumkatalia kitu. Hata chumvi.

"Unanionea," akasema. "Nimekueleza kilichonipata. Nilikueleza pale sakafuni, na wewe unanionea."

Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili, "Kijiko akiniuliza baba yake alikuwa mtu gani, nitamwambia nini? Kwamba alipanda mapaa? Kila mtu anajua. Kwamba aliteleza? Kila mtu anajua. Mimi nilimpata mkubwa, Mama, ana ndevu tayari. Wewe ndiye mwenye mwanzo wake. Ukiufunga, mtoto wangu ataanza baba yake katikati."

"Mimi nina mwanzo wake na nina mwisho wake," Mama akasema. "Wewe una katikati tu, na unaona una mzigo."

Ni kweli.

Akavua soksi moja, akaikamua pale pale kwenye sakafu ya Mzee Ukingo. Akaivaa tena. Kisha akasema pole pole, "Hujalia hata siku moja. Nilikuangalia. Nikasema huyu binti alikuwa amemchoka mwanangu."

"Sijui machozi yako wapi, Mama. Nikiyapata nitakuita."

Nadhani hilo ndilo neno la ukweli kuliko yote niliyosema mwaka huu. Mama akainuka. Akachukua sarafu mezani, akaitia kifuani, akatoka. Nilimwona dirishani anavuka barabara bila mwavuli, anatembea katikati ya maji kana kwamba hayapo.

Mzee Ukingo aliniuliza kilichotokea, nikamwambia nilikataa kumkumbusha. Akasema tangu afungue duka hajawahi kusikia jambo hilo, na kwamba kwa sasa nisinase, nifute vioo.

Alhamisi, 16 Aprili.

Mama haongei nami. Chumvi na sabuni nazo zimekwisha.

Ijumaa, 17 Aprili. Mvua.

Nimefuta vioo.

Jumamosi, 18 Aprili. Mvua.

Vioo. Redio kasema, "Shoga, ule mshindo nimeusikia hadi chooni." Akanipa nusu ya mkate wake.

Jumatatu, 20 Aprili. Mvua.

Nimefikiri, labda nimkumbushe tu. Nimwambie alivyosema, arudie, aapishwe, apumzike. Mtu mzima kaomba apumzike, na mimi ni nani wa kumkatalia? Nilienda hadi mlangoni kwake. Alikuwa amekaa kitandani, sarafu kwenye kiganja, anaitazama kama mtu anayesubiri iongee. Nikarudi.

Asubuhi kaniwekea uji. Ulikuwa na sukari. Mtu aliyekasirika hatii sukari. Au ni mkono tu umezoea.

Alhamisi, 23 Aprili. Manyunyu.

Kijiko kapiga hatua mbili. Wote tulikuwepo. Mama akasema "He!" na mimi nikasema "He!" Tukatazamana, kisha kila mtu akatazama pembeni. Ni neno la kwanza baina yetu tangu siku ile.

Jumapili, 26 Aprili.

Jua saa kadhaa. Nimeanika godoro.

Jumatano, 29 Aprili. Mawingu, hakuna mvua.

Mama kaja dukani. Hakuniambia. Nilikuwa juu ya ngazi nafuta kioo, nikaona kitambaa chake cha kichwa kinapita chini yangu. Nikajua amekuja kumalizia na Redio. Nilishuka, nikasimama na kitambaa cha kufutia mkononi.

Mzee Ukingo akamwekea kiti. "Karibu, Mama. Chumba kiko tayari."

"Chumba cha nini?" Mama akaitoa sarafu, akaiweka mezani. "Pima."

"Nipime?"

"Si una mizani? Pima uzito. Nauza chuma."

Mzee Ukingo alimtazama kama ameambiwa auze mlango wa duka. Akamweleza kwamba sarafu ile ikifungwa ni kitu cha kuonyeshwa, kwamba masimulizi mawili yako tayari na yamelingana, kwamba imebaki mara moja, dakika chache. Bila mdomo ni kipande cha bati.

"Ndiyo nimesema bati. Pima kama bati. Na zile sauti zangu mbili uzifute, nikiwa nimekaa hapa hapa."

"Lakini Mama, kwa nini basi usirudi nayo nyumbani?"

"Nyumbani kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni," Mama akasema. "Wa kwanza alinitosha."

Redio akapasuka kicheko, akakimbilia nyuma. Mzee Ukingo akachukua mizani, ile ya misumari, si ile ya sarafu. Akapima. Nadhani ilimuuma kweli, maskini, anazipenda. Alipitisha kidole gumba mara moja ukingoni kabla hajaitupa kwenye debe la vyuma. Kisha akafuta sauti, mbili, akamwonyesha Mama kioo cha mashine kikiwa kitupu. Kwetu sauti ikifutwa, na kiapo kimefutwa.

Mama aliponipita akasema, "Jioni lete nyuzi nyeupe. Na sabuni."

Jumapili, 3 Mei. Jua. Matope yanaanza kukauka.

Leo baada ya chai Mama kamkalisha Kijiko juu ya meza, kamwambia, "Wewe, nikuambie habari za mzee wako." Mimi nilikuwa nakunja nepi. Akanitazama kunijaribu kama nitaondoka. Sikuondoka. Akaanza. Sasa naandika, hakuna wa kunikataza.

"Baba yako alikuwa kama wewe, kichwa kikubwa, akili ziko mdomoni. Sarafu zilikuwa zimeshakwisha kazi. Tulikuwa na moja tu, tumeiweka chini ya mguu wa meza, maana meza ilikuwa inacheza. Siku moja babu yako kaweka chai, meza ikaenda hivi, chai yote mapajani. Akaruka! Tukatazama chini, sarafu hakuna. Tukamtazama baba yako. Amekaa. Katulia. Mtoto akitulia, mjukuu wangu, jua jambo limeshafanyika.

"Tukamkimbiza kliniki. Daktari kijana, kapiga picha, katazama, anasema, mtoto kameza kifungo. Babu yako anasema, si kifungo, ni sarafu. Daktari anauliza, sarafu ni nini? Ikabidi babu yako amchoree! Mtoto analia, babu yako anachora! Daktari akasema, basi nendeni, itatoka yenyewe.

"Babu yako akawa mlinzi. Kila nepi ananipokonya, ana tochi, ana kijiti. Namuuliza, vipi? Ananijibu, bado chenji. Kesho yake, vipi? Bado chenji. Mtaa mzima ukajua. Watu wanapita dirishani, wanauliza, jamani, chenji? Sasa siku hiyo shangazi wa baba yako anaposwa. Wageni wamejaa, wamekaa wima. Shangazi kavaa gauni la hariri, kampakata baba yako aonekane anajua watoto. Baba yako akakunja uso. Mimi nikajua. Babu yako akajua. Nepi siku hiyo nilimfunga ovyo, kwa haraka. Shangazi akasema, jamani, mbona pamoto? Babu yako akaruka juu ya viti, mbele ya wakwe, akamnyanyua mtoto, akainua mkono juu hivi, sura yake kama mtu aliyeshinda mbio: Chenji imerudi!"

Mama akacheka. Alicheka hadi akashika meza. Halafu uso ukamharibika, akawa analia, na bado anacheka, na Kijiko akamshika pua.

Mimi sijui nilifanya nini. Nepi niliyokuwa nakunja niliikunja hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Maji yalikuwa yanashuka shavuni, nikayagusa kidole, nikayatazama. Yalikuwa ya moto. Moyo bado uko kama ule mkono, lakini vidole vimeanza kuchomachoma. Nikasema, "Mama." Akasema, "Nimeyaona. Nipe nepi hiyo, unaiharibu."

Baadaye nikamuuliza, maana kazi ni kazi. "Mama, dukani mara zote ulisema gauni la kawaida. Leo limekuwa hariri."

"Dukani nilikuwa nauza," akasema.

Kijiko alikuwa ametazama kwingine, kwa hiyo Mama akaanza tena mwanzo.